Hodi kwa Kipande cha Kauri

Usiku ule nililala nimenuna, hata chakula sikugusa. Kipande changu cha kauri, kidogo kama kifungo cha shati, kilikuwa kimenishinda. Ndani yake chaji za umeme huegemea upande mmoja. Ukikitia volti za kutosha kwa kinyume, zinapaswa kugeuka na kubaki huko hata ukizima mtambo. Zangu ziligoma. Profesa alishasema: nikishindwa kesho, kazi ya miaka miwili tunaitupa, naanza upya. Miaka miwili jamani!

Basi nikamwona Mzee Sefu, fundi wa maabara yetu, aliyefariki likizo iliyopita nikiwa kwetu, hata kumzika sikuwahi. Alikuwa ameinamia mtambo wangu na koti lake la buluu. Nikasema, "Shikamoo, Mzee." Kimya. Nikaona amenikasirikia, nikageuka niondoke.

"Marahaba, binti. Mbona wakimbia?"

Mara hatupo tena maabara. Tuko kwake Njombe, nje ya mlango, baridi inauma mpaka kwenye meno. Napiga hodi. Hakuna anayeitika. Nataka kuondoka, Mzee ananishika mkono. Ndani nasikia kandambili zikiburuzwa taratibu, mlango unafunguka, jiko la mkaa linawaka, na juu ya meza, ndani ya kisahani, kimekaa kipande changu.

"Volti unakipa kwa muda gani?"

"Sehemu ndogo tu ya sekunde, Mzee."

"Asubuhi, chumba kikiwa barafu?"

"Ndiyo. Nawahi, naogopa mchana umeme utakatika."

Anacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Eti kimegoma! Umepiga hodi ukakimbia. Kwenye baridi kinachelewa kugeuka. Kipe muda zaidi, au kipashe kidogo kiwahi. Ila usipitilize, kikipata moto mno kinasahau pande zote mbili."

Machozi yananitoka. "Mzee, nisamehe, sikuja kukuzika."

"Si umekuja sasa? Ingia ndani."

Nikaamka nimekaa kitandani, asante imo mdomoni. Mtu aliyenifundisha kushika kila chombo mle maabara, na wallahi sikumbuki kama niliwahi kumwambia neno hilo akiwa hai. Nikalisema palepale, kwa sauti. Nilishukuru mpaka kifua kikawa chepesi. Kisha nikachukua simu, nikamwandikia Profesa: "Shikamoo. Naomba siku moja zaidi. Kipande hakina ubovu, mwenye haraka nilikuwa mimi."