Fungu la Viapo

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na ugonjwa wangu wa kupanga vitu sijapona hadi leo. Mkuu wa shule aliponiomba nikusanye hadithi za wazee kabla hazijapotea, nilizigawa mafungu: za wanyama, za mazimwi, za mayatima. Fungu la nne nililipa kichwa kwa wino mwekundu ili lipendeze: VIAPO. Miaka ile ya hali ya hatari watu walifungwa kwa kushukiwa tu kwamba wamekula kiapo cha kumpinga Mzungu, na mimi mpumbavu nikalipamba neno lenyewe.

Hadithi zote saba za fungu hilo nilipewa na jirani yangu pale mtaa wa Bondeni, mwanamke mzee Mkikuyu aliyekuwa amefukuzwa na serikali kutoka shambani kwake Olenguruone. Wapangaji wote wa ploti yetu tulimwita Cucu, yaani nyanya. Alisimulia huku akimenya viazi, nami nikiandika. Safu ya msimuliaji niliiacha tupu, maana desturi yangu ilikuwa kujaza majina mwisho.

Asubuhi moja askari walikuja na lori, wakaingia ploti wakatutoa wote, tukachuchumaa uani. Aliyepekua chumba changu alitoka na daftari mkononi, limefunguliwa kwenye ule wino mwekundu.

"Mwalimu, hii viapo ni ya nani?"

"Ni hadithi tu, afande. Za kusomea watoto."

"Nani alikuambia?"

Cucu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, macho chini. Nikimwonyesha, atapandishwa lori. Nikinyamaza, nitapandishwa mimi, na naona haya kusema kwamba hilo la pili ndilo nililoliwaza kwanza.

"Nyanya yangu mzaa baba," nikasema. "Alikufa zamani, huko pwani."

"Haya, niambie hii ya kwanza. Yote."

Nikaanza. Wake wenza wawili, mkubwa na mdogo, wanashutumiana kwa wizi wa asali. Kila mmoja anaapa, kisha anavuka mto. Mkweli maji yanamfika magotini, mwongo yanammeza. Nilikuwa nikidanganya huku nikisimulia habari za mwongo anayezama. Nilipofika mtoni nikasahau ni nani anayetangulia kuvuka.

"Ni yule mdogo," askari akasema. "Hata kwetu hii hadithi iko."

Akanitupia daftari. "Andika jina ya nyanya yako. Kila mahali."

Niliandika mara saba, daftari juu ya goti.

Walipoondoka, Cucu alinijia. "Umeandika nani?"

"Nyanya yangu."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Sikumjua, Cucu. Alikufa kabla sijazaliwa."

Akafikiri kidogo. "Basi hii maneno ikiisha, utarudisha jina yangu."

Nikamwahidi. Miezi michache baadaye lori lilimchukua hata hivyo, pamoja na Wakikuyu wote wa ploti ile, na safari hiyo hakuna aliyeulizwa swali. Mimi nilisimama mlangoni kwangu, nikaogopa hata kumpungia mkono.

Mambo yalipotulia nilifungua daftari nikakata jina la nyanya yangu mara saba, kwa mstari wa rula. Kisha nikakaa na kalamu mkononi, wino ukikauka. Hadithi zake saba niliziandika neno kwa neno, na jina lake sikuwahi kumuuliza.