Mwaka Niliokaa kwa Kibali

Mume wangu alikamatwa alfajiri, wiki ile hali ya hatari ilipotangazwa kwetu Nyasaland. Alikuwa mwalimu na katibu wa tawi la chama cha kudai uhuru. Askari walipokwisha kumfunga pingu, walianza kuulizia wake za makatibu. Sikungoja. Nilivuka mto Songwe, mpakani, maji yakinifika kiunoni, cheti changu cha unesi nimekifunga ndani ya kilemba.

Ng'ambo ya mto Wanyakyusa walinipokea vizuri. Kingonde chetu na Kinyakyusa chao vinasikilizana, kwa hiyo wiki ya kwanza nilijiona niko nyumbani. Kisha chifu wao akasema hawezi kunificha, nikapelekwa bomani Mbeya.

Karani aliniuliza nimekuja kufanya nini.

"Nimekimbia," nikamwambia.

"Wewe ulikuwa unatafutwa? Jina lako liko kwenye hati?"

"Aliyekamatwa ni mume wangu."

"Basi hukukimbia, mama. Umehama." Akaitazama fomu yake tena. "Na kuhama kunataka kibali."

Kibali alichonipa kilinikataza kutoka mjini na kilinikataza kufanya kazi. Kila Jumatatu nilitakiwa niende nikaonekane.

Nilipata chumba kwa mama mmoja mjane, Mwislamu, watu wake wa pwani. Nilimpikia na kumpigia pasi, naye akanilisha. Kiswahili changu nilikiokota kwa wachuuzi wa kwetu Karonga, na kila nikifungua mdomo alicheka. "Mwanangu, wewe ukiongea ni kama unagombana!" Hakuwa na ubaya, lakini nilianza kunyamaza. Mwezi wa sita alisafiri kwenda kwa kaka yake aliyeishi Ubaruku. Ukungu haukuondoka hadi saa sita mchana, nami nilikaa kitandani nimejifunika blanketi, nikisikiliza mtoto wa jirani anavyokohoa. Nilijua kikohozi kile kinataka nini. Niliogopa kugonga mlango, wasije wakasema nafanya kazi.

Nesi mmoja niliyesoma naye alikuwa hospitali ya misheni Iringa. Aliniandikia kwamba wanataka watu. Nikaomba ruhusa ya kwenda.

"Barua imepelekwa juu," karani akasema. Jumatatu iliyofuata akasema bado. Ikafika mahali hata neno hilo hakulisema, alitikisa kichwa tu nikiwa bado mlangoni.

Ruhusa ilitoka mvua zilipoanza.

"Lakini si ya unesi," akasema. "Cheti chako ni cha nchi nyingine. Utafanya kazi ya kufua."

Mjane alinifungia maandazi kwenye kitambaa na kunisindikiza hadi kwenye basi. Tulipokwisha kupita Uyole nililia, na sikujua ninamlilia nani.

Iringa nilipanga chumba Kihesa, na mchana kutwa nilifua mashuka ya wadi ambazo ningeweza kuzihudumia. Yule nesi rafiki yangu alikuwa amekwisha kuhamishwa. Wafuaji wenzangu waliongea Kihehe. Nikisogea, kwa heshima waliacha Kihehe wakanisalimu kwa Kiswahili, halafu mazungumzo yakaisha.

Siku moja nikaitwa ofisini. Kulikuwa na barua ya mume wangu kutoka kizuizini, imefunguliwa, na mistari mingi imefutwa kwa wino mweusi. Yaliyobaki yalikuwa salamu, na swali moja: "Unakula?"

Nilijibu usiku uleule kwa Kingonde, kurasa nne. Asubuhi nilimpa mwuguzi mkuu, mmisionari mwenye huruma, aitume, naye akanirudishia.

"Lazima iwe kwa Kiingereza, dada. La sivyo wakaguzi wa kizuizini hawataweza kuisoma, na wasipoisoma hawampi."

Kabla ya barua yake ile ya Kiingereza, mimi na mume wangu hatukuwahi kuambizana hata neno moja kwa Kiingereza. Nilikaa mbele ya karatasi mpya hadi wenzangu walipomaliza kuanika. Mwishowe niliandika kwamba mimi ni mzima, ninakula, na kwamba Iringa kuna baridi. Chini nikaandika jina langu kamili, la kwangu na la baba yangu, kama mtu anayeomba kazi.