Pointi Zangu kwa Numero ya Baba

Mwaka huu prefe wetu, mkuu wa shule, alikataa kusoma pointi mbele ya watu, kama tulivyozoea hapa Baraka. Alisema kila mwanafunzi ataingia kwenye sayiti ya shule aone zake peke yake. Nani alifurahi kunishinda mimi? Jina langu likisomwa uwanjani, najificha nyuma ya wenzangu.

Sayiti ilitengenezwa na mpwa wa prefe, kijana anayebeba ordinatere, kompyuta yake, hata akienda kununua samaki. Ili uingie, unaandika numero ya simu ya muzazi. Jina la mwanafunzi halionekani. Ni siri, alisema. Akili nyingi kweli! Kwetu simu ya baba ni ya nyumba nzima. Mi na kaka, mutoto wa baba mudogo aliyetoka Kilembwe kuja kusoma, tuliandikishwa wote kwa numero hiyo moja. Yeye aliandikwa mbele, mi nyuma.

Baba akaingia kwenye sayiti. Makumi ine na moja kwa mia.

"Hizi ni za nani?"

Kaka akachungulia haraka. "Za dada. Zangu hazijatoka. Pole, dada."

Nikasogea kuangalia. Kati ya masomo kulikuwa zootekini, kufuga wanyama. Mi niko pedagogi, ya ualimu. Wa kilimo ni kaka.

"Baba, mi sisomi zootekini."

"Batoto ba leo banasoma kila kitu. Umeshindwa, umeshindwa. Utaenda Misisi kwa shangazi yako, upikie bachimbaji ba zahabu."

Nikapakua ugali, kama kawaida yangu. Kaka alikula ugali wake bila hata kukohoa.

Asubuhi nikaenda kwenye biro ya prefe. Bazazi walijaa mpaka mlangoni. Mpwa akaandika numero ya baba, zikatokea zile zile makumi ine na moja.

"Sayiti haikosei," akasema bila kuniangalia. "Inaonyesha pointi za mwenye kuingia."

"Mwenye kuingia ni baba." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Baba hasomi hapa."

Mama mmoja akapiga makofi. "Ee! Umujibu sasa, dokta wa mashini!"

Biro nzima ikacheka. Huyo dokta akabonyeza, akabonyeza tena, akasema rezo iko mbaya, mtandao haushiki. Prefe akavuta rejista ya karatasi, kuukuu, pembe zimeliwa na panya, akapitisha kidole mpaka jina langu na kusoma kwa nguvu: makumi sita na kenda. Safari hii sikujificha nyuma ya mtu. Akaniandikia pointi hizo kwenye karatasi kwa biki, akapiga kashe, muhuri wa shule.

Nyumbani baba aliangalia kashe muda mrefu kuliko pointi. "Sawa. Utapanda mwaka wa tano." Pole hakusema. Alirudisha simu mfukoni kama vile simu ndiyo iliyokosa.

Kaka akanifuata jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama prefe aliangalia na zake.

Nikamwambia aende akaulize mwenyewe. Mudomo wa kunipa pole alikuwa nao.