Ngitili Tuliyoilimia Magari

Siku niliyofika Nkoma naikumbuka kwa vumbi lake, mwanangu. Nilikuwa nimetoka Kilosa kwa treni, nimelala nimekaa mpaka shingo ikapinda, nikashuka Malampaka. Hapo nikadandia lori lililokwenda kuchukua pamba, tukapita Lalago, na nilipokanyaga chini nilikuwa wa kijivu kuanzia nywele hadi viatu. Nilikuwa na umri kama wako, cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, na mdomo. Mdomo ndio uliokuwa umenipatia kazi.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa, kila mwenye lori ni mnunuzi. Bosi wangu alinunua pamba, kisha akasikia kwamba mahindi yanaweza kuchachushwa na kuchemshwa yakatoa spiriti ya kuendeshea magari. Akataka wakulima wamlimie mahindi mengi. Kazi yangu ilikuwa kuwashawishi.

Nilifikia kwa Mzee Masanja na mkewe, Mayu Kabula. Mayu kule ni mama, na yule alikuwa mama kwangu kabla sijamaliza maji ya kwanza. Asubuhi nikimwambia "Mwangaluka, mayu," alinijibu, kisha akaniuliza kama nimeota kwetu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na eneo kubwa lililozungushiwa minyaa. Nyasi zilifika kiunoni, wala hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kuingia. Wao waliita ngitili. Mimi niliita pori.

"Mzee, ardhi hii imelala bure," nikamwambia.

"Haijalala, nyanda," akasema; nyanda kwao ni kijana. "Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Kiangazi."

Nikacheka. Hata leo nikikumbuka kicheko kile natamani kukirudisha kooni.

"Na hilo gari nalo linakula ugali?" Mayu Kabula akauliza, ungo mikononi. "Basi likija mniambie, nilisongee."

Tulicheka wote, lakini sikuacha kusema. Nilimweleza mzee habari za bati jipya, za nchi zilizoendelea, za mafuta yasiyochafua hewa. Nilisema wiki nzima. Mwisho akamfunga nira Diwani, ng'ombe wake wa plau, mweupe na mzito, aliyetembea kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Ndiyo maana walimpa jina hilo. Diwani mwenyewe ndiye aliyeilima ngitili yake.

Mbolea ililetwa na lori. Mvua ilikuwa ya wastani, mahindi yakaja vizuri, na lori likarudi kuyachukua. Mzee Masanja akalizunguka mara mbili, akamuuliza dereva, "Hili linakunywa hayo mafuta ya mahindi?"

Dereva akacheka mpaka akashika mlango. "Mzee wangu, hili ni dizeli tupu! Namaliza pipa kuja huku na kurudi."

"Na huko kiwandani mnachemshia nini?"

"Magogo. Wanakata kila siku, hayatoshi."

Mzee alinigeukia. Hakuwa amekasirika, alikuwa ananisubiri. "Kwa hiyo dizeli imeleta mbolea, dizeli imekuja kubeba, miti inachomwa. Hayo mafuta yakitoka, yanatosha kurudisha yaliyotangulia?"

Sikujua. Katika maneno yangu yote ya wiki nzima, hilo sikuwahi kuliuliza.

Kiangazi kikafika. Minyaa ilikuwa imezunguka mabua makavu, si zile nyasi za akiba walizowafungulia ng'ombe kila kiangazi. Kijana wao mkubwa aliwahamisha ng'ombe kwenda mbali, lakini Diwani aliishiwa nguvu njiani, ikabidi arudishwe. Nyumba nyingi zilikuwa zimeuza mahindi yao kwetu, kwa hiyo gulioni bei ya debe ilipanda mpaka Mayu Kabula akarudi na ndoo nusu. Tulikula michembe, vile viazi vikavu vyake, asubuhi na jioni. Mimi nilikwenda kukata majani mabondeni, nikayabeba kichwani, nikamlisha Diwani kwa mkono. Kila asubuhi tulimwinua kwa miti miwili chini ya tumbo. Siku moja hakukubali kuinuka.

Siku walipomchuna, Mayu Kabula alinipa kipande kikubwa kuliko cha mzee. Nilishindwa kukigusa.

"Kula," akasema. "Kwani wewe ni mgeni?"

"Mayu, mimi niliwadanganya."

"Hukutudanganya, mwanangu. Kudanganya ni kujua. Wewe ulitusemea usichokijua, tena kwa sauti nzuri."

Mvua za kwanza zilikuta udongo uchi, zikaukokota wote mpaka kwenye lambo, maji yakawa uji mweusi. Bosi hakuonekana tena; nilisikia spiriti yake ilikuwa ghali kuliko petroli ya kituoni. Nikabaki. Tulipanda minyaa palipoachwa wazi, tukaweka mawe kwenye makorongo, tukafunga geti, tukaiacha ardhi ifanye kazi ambayo mimi niliiona ni usingizi.

Mwanangu, nawe sasa una cheti na una mdomo. Kesho watakutuma mahali ukawaambie watu kwamba ardhi yao iko bure, au kwamba chakula chao kingefaa zaidi kwenye injini. Kaa nao kwanza, masika na kiangazi. Uliza kilichochomwa kabla ya hicho unachosifia, uliza nani atakosa ugali, na ng'ombe gani atakosa pa kwenda. Ukikosa jibu, sema hujui. Mimi nilishindwa kusema neno hilo moja, na mzee mmoja akampoteza Diwani.

Miguu yangu haijawahi kutulia, unanijua. Siku niliyoondoka Nkoma moja kwa moja, nyasi zilikuwa zimefika gotini. Mayu Kabula alinifungia michembe kwenye kanga. Mzee Masanja alinisindikiza mpaka kwenye geti la ngitili, akang'oa jani moja, akalitia kwenye mfuko wa shati langu.

"Wakikuuliza hili ni nini huko uendako?"

"Nitawaambia linasubiri."

Akacheka, akanisukuma begani niende. Nenda nawe, mwanangu. Mungu akupe wenyeji wa namna ile, akupe masikio kabla ya sauti, na popote utakapopita, kiangazi kikute nyasi.