Pua ya Kuazima

Mgahawa wangu una meza nne, kando ya barabara itokayo Tanga mjini kwenda Tongoni. Napika mwenyewe. Upishi sikufundishwa na mtu. Nilisoma, nikajaribu, nikakosea, nikajaribu tena. Kwa hiyo nilipougua homa na kuamka siku moja nikiwa sinusi kitu, nilianza kujipima kwa utaratibu. Kila asubuhi nilifungua chupa ya karafuu, kisha nikakata kitunguu, kisha nikasogeza kibatari cha mafuta ya taa, na kila mara nikavuta pumzi. Homa iliondoka. Harufu haikurudi.

Mke wangu peke yake ndiye aliyejua, na ndiye aliyeninusia. Kisha mama yake akaanguka akavunjika nyonga huko milimani, upande wa Amani, ikabidi aende kumuuguza. Nilimwambia kwamba nimeanza kunusa kidogo, ili aondoke bila wasiwasi.

Samaki hakunisumbua sana. Ana macho ya kutazamwa, mashavu ya kufunuliwa, nyama ya kubonyezwa. Kilichonitia hofu ni nazi. Ukishaipasua, unaisogeza puani kabla ya kuikuna, maana moja iliyoanza kuoza ikichanganyika na nyingine, tui lote limeharibika. Macho husaidia pale tu uozo unapokuwa umekwishageuza rangi. Kuonja nako hakukunifaa: ulimi ulinibakishia chumvi, sukari na ukali wa ndimu, basi.

Nikaamua kuwategemea walaji. Lakini mimi ni Msambaa wa Kilutheri; nyumbani kwetu tulisali kabla ya kula, na ukishamshukuru Mungu kwa chakula huwezi tena kukigeukia na kukisema vibaya. Majirani zangu hapa ni Waislamu wa pwani, nao wamelelewa hivyo hivyo: chakula hakitiwi aibu. Ukikipenda unakila, usipokipenda unakiacha, mdomo umeufunga. Ni adabu njema, na wanangu niliwafundisha. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itaniogopesha.

“Wali ulikuwaje?” nilikuwa nauliza nikiondoa sahani.

“Mashallah.”

“Hauna kasoro?”

“Mungu akuzidishie.”

Nikaanza kuzichunguza sahani. Samaki aliliwa mpaka mifupa, wali ukabaki umesukumwa pembeni. Watu waliomba ndimu kuliko zamani. Mama mmoja aliyezoea kuja na mtoto wake akaanza kuagiza chapati. “Tumbo tu leo,” alisema bila kunitazama. Kisha hakuja tena.

Usomaji wangu ukahamia kwenye simu, kwenye maoni ambayo watu huyaandika juu ya migahawa. Nilikuwa na nyota tano tupu. Nilipoyasoma kwa makini nikaona kwamba karibu yote yameandikwa na shemeji, majirani, na waumini wenzangu kanisani. “Hongera sana, tunasonga mbele.” Mmoja alinisifu kwa kuwa na kivuli cha kuegesha gari. Juu ya wali, hakuna hata neno.

Ndipo yakaingia maoni ya mtu nisiyemjua, nadhani mmoja wa wale wanaokwenda Tongoni kutazama magofu. Nyota mbili. “Samaki mzuri. Wali unanuka kama sabuni ya kipande. Nilishangaa watu wa meza ya pili wanakula kimya.”

Kwanza nilizishuku sufuria. Nikazisuuza zote upya kwa maji ya moto. Nikiwa katikati ya kusuuza nikakumbuka jambo nililowahi kulisoma: mafuta ya nazi yakiharibika hutoa harufu ya namna hiyo. Nikamfikiria yule mama na mtoto wake.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni fundi cherehani, Mdigo, na alikula kwangu kila mchana. Nikampelekea simu.

Alisoma huku miguu ikiendelea kukanyaga. “Mgeni huyo. Wageni hawajui kula.”

“Anasema kweli au uongo?”

“Nawe Msambaa! Mtu mmoja tu anakukosesha raha? Una nyota tano ngapi humo?”

“Moja ni yako. Sikuulizi nyota, nakuuliza wali.”

“Wali ni wali.”

“Fundi, mimi sinusi.”

Cherehani ikasimama. “Hunusi vipi?”

“Tangu homa ile. Ukiniwekea papa mkavu hapa na asumini hapa, sijui kipi ni kipi.”

“La haula! Sisi tunadhani umeingia ubahili, unaokota nazi za kutupwa. Na mimi nilikwambia!”

“Uliniambia lini?”

“Si nilisema Msambaa na nazi wapi na wapi, rudi kwenu ukapike viazi?”

“Nilidhani utani.”

“Sasa ulitaka nisemeje? Mbele za watu, na tonge liko mkononi?”

“Kuna aliyeugua?”

“Sijasikia. Watu wanakula samaki, wali wanauacha. Wengine ndio hao hawaji.” Kisha akanirudishia simu. “Nitawaambia vijana wa kijiweni wakumiminie nyota tano, hii izame.”

“Isizame. Ni hii tu iliyoniambia kitu.”

Nilimjibu yule mgeni kwamba ni kweli, nazi zilikuwa mbovu, na ninamshukuru. Habari ya pua sikuiandika. Tukakubaliana na fundi kwamba kila asubuhi, kabla hajafungua duka, nitampelekea nazi zilizopasuliwa azinuse, na mchana atakula bure.

Siku za mwanzo aliingiza pua katika kila kizio, kila nusu ya nazi, mpaka ncha yake ikagusa nyama. Baadaye nikamwona anasema “nzuri, nzuri” huku anatunga uzi kwenye sindano. Wasiwasi ukanirudia. Asubuhi moja nilipasua nazi ambayo hata mimi niliona imefanya rangi ya kijivu upande mmoja. Nikamsogezea puani pamoja na nyingine, nimeufunika ule upande kwa kiganja.

Aliinusa. Akasita. Akanitazama kwa uso ule ule wa upole ninaoujua kutoka mezani kwangu.

“Hii nayo si mbaya sana,” akasema.

Hapo nikaelewa kosa liko wapi. Kwa kumlisha bure nilikuwa nimemfanya mgeni wangu wa kukaribishwa, asiyeweza kukisema vibaya anachopewa.

“Fundi, kuanzia leo utalipa.”

“Hata mimi?”

“Hata wewe. Tena bei ya wote.”

Aliondoka amenuna. Nilidhani hatanusa tena, na usiku ule nilikuwa tayari kuufuta wali kwenye ubao wa vyakula. Lakini asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Alinusa kizio cha kwanza, akakiweka chini. Cha pili akakitupa mchangani, nje.

“Na hii ulitaka kumlisha nani, mbwa? Kwa bei hiyo?”

Nikatoka kwenda kukiokota. Nikakipangusa mchanga, nikakigeuza kwenye jua. Kwa macho yangu kilikuwa cheupe kabisa.