Kona ya Wabeba Mizigo

Jumatano, masika. Mvua ilianza alfajiri, ikapumzika saa nne, ikarudi saa nane. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la shule.

Naandika na sikio liko mlangoni. Salome, mtoto wa marehemu dada yangu, ninayeishi naye, aliondoka mkutanoni amekasirika na mpaka sasa hajarudi. Amekasirika kwa sababu yangu. Mimi darasa la saba ndipo nilipoishia, mwanangu utakayenisoma nikiwa sipo, na daftari hili limejaa maneno niliyoyakata. Ukikuta nimekosea, sahihisha, usinicheke. Ila haya ya leo nimejiapiza sitayakata.

Iko siku moja ambayo naikumbuka kwa nyayo zaidi ya kichwa. Nilikuwa kijana, sijaoa. Ilikuwa kiangazi, udongo wa huku kwetu Mgeta umekauka mpaka unapasuka, na mpimaji alikuwa amekuja kutupimia barabara ya kwanza ya malori. Kabla ya hapo kabichi na viazi vyetu vilishuka mlima juu ya vichwa vya wanawake mpaka kule chini lori liliposimama. Mimi nikapata kibarua cha kumbebea mpimaji vigingi na nyundo. Nikajiona mtu. Nilivaa hata viatu, ingawa vilikuwa vya mjomba na vilinibana.

Njia ya wanawake ilishuka vizuri, halafu pale penye bonde dogo lenye majani mabichi ikageuka ghafla. Ilipanda tena, ikazunguka juu ya mwamba, ndipo ikashuka upande wa pili. Tulipaita Kona ya Wabeba Mizigo. Sisi wavulana hatukuifuata. Tulikatiza bondeni moja kwa moja, mikono mitupu, tukiwasubiri dada zetu upande wa pili na kuwazomea kwamba ni wavivu wa kufikiri.

Mpimaji akasimama pale. "Kijana, mbona njia inazunguka? Hapa katikati kuna nini?"

"Hamna kitu, mzee. Wanawake tu hao, wanazunguka wapate muda wa kupiga soga."

Akacheka. Nami nikacheka, nikagonga kigingi cha kwanza bondeni.

Wakati nagonga, akatokea mama mkubwa Agata, dada mkubwa wa mama yangu, ana tenga la viazi kichwani. Nikamwamkia, akaitikia bila kutua mzigo. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, kwa hiyo alisema na mimi Kiluguru.

"Unagonga nini hapo?"

"Barabara, mama mkubwa. Mtapumzisha shingo."

"Umewahi kupita hapo masika?"

"Mara mia."

"Una tenga kichwani?"

Nikakigonga kigingi tena.

"Basi hujapita," akasema. "Wewe umeruka tu, kama panzi. Itazame ile miti, imeinama yote upande mmoja. Nani kaiinamisha? Mwambie mgeni wako pale panatembea. Masika ukiwa na mzigo unasikia ardhi inasogea chini ya mguu. Bibi yangu alizunguka, na mimi nazunguka. Mwambie."

Mpimaji alikuwa hatua chache tu, jicho kwenye darubini yake. Akauliza, "Mama anasemaje?"

Hapo ndipo, mwanangu. Ningesema maneno kumi tu. Lakini ningeonekana mjinga mbele ya mtu wa mjini niliyekwisha kumwambia hamna kitu. Nikasema, "Anakusalimu. Anashukuru kwa barabara."

Mpimaji akavua kofia akamwinamia kwa heshima. Mama mkubwa akadhani amesikilizwa, naye akamwinamia kidogo na tenga lake, akaenda zake. Kuzunguka.

Barabara tuliichimba wenyewe, kwa majembe, kila ukoo na kipande chake. Mwaka wa kwanza ilikaa. Nikatembea kifua mbele. Masika ya pili lori lilikuwa linashuka na kabichi, na juu ya kabichi wamekaa wanawake watano, kwa kuwa sasa nani atembee? Bonde likasogea, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, na lori likalala ubavu. Sitaki kutia chumvi: hakufa mtu. Lakini mama mkubwa Agata alivunjika nyonga. Tulimbeba kwa machela kutwa nzima hadi kwenye gari la kumpeleka hospitali, na hakubeba tena tenga maisha yake yote. Barabara nayo ikafa, tukarudi kwenye njia ya kuzunguka.

Siku aliporudi aliniuliza, "Ulimwambia yule mgeni?"

Nikajibu, "Nilimwambia. Hakutaka kusikia."

"Basi Mungu amsamehe aliyekosa," akasema, akageukia ukutani. Mpaka leo sijui kama alijua. Siku nyingine nasema alijua, siku nyingine nasema hapana, na siku zote mbili silali vizuri. Kijiji kizima kilimlaani mpimaji kwa miaka. Walisema watu wa mjini wana masikio ya kupambia tu. Nami nilikaa nao, nikatikisa kichwa. Yule bwana alivua kofia kwa mama yangu mkubwa, na mimi niliacha jina lake lichafuke. Waliokumbuka wamekufa karibu wote; vijana wanajua tu kwamba zamani lori lilianguka.

Sasa njoo leo.

Wataalamu wawili wamekuja kutoka mjini, wamebandika ramani darasani. Wanapanga usafiri wa mkoa mzima, si wa mwaka kesho bali wa wakati ambao mimi sitakuwepo: wapi malori yapite na wapi yasipite, njia za miguu zitengenezwe vipi, bodaboda zisimame wapi, mgonjwa wa huku juu afikeje hospitali, mboga zifike Dar bila mlima wetu kuporomoka. Mtaalamu mkubwa ni dada mmoja mwenye umri mdogo kuliko Salome, mpole, buti zake zina matope. Alituamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Sina la kumlaumu.

Salome ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mboga. Alisimama akaongea, na nataka niandike maneno yake kwa haki, maana yana uzito kuliko yangu. Alisema masika yaliyopita walimbeba jirani yetu Tekla kwa machela, ana uchungu, na pale kwenye mwamba wa Kona machela yakateleza, wakatua, na mtoto akazaliwa njiani. Mtoto hakulia. "Mimi nilikuwa nimeshika mti wa mbele," akasema Salome. "Tunataka barabara, na tunaitaka fupi."

Dada mtaalamu akaweka kidole kwenye ramani. "Pole sana kwa hilo. Hapa lakini naona njia ya miguu inazunguka. Kuna sababu?"

"Ni mazoea ya wazee tu, dada. Piga mstari."

Mwanangu, maneno yalikuwa yangu yale yale, yametoka kwenye kinywa cha mtu ninayempenda, na safari hii hayakusemwa kwa majivuno, yalisemwa kwa uchungu. Mtaalamu akachukua kalamu. Nikaangalia ile kalamu. Nikajiambia kaa, umezeeka, pengine ardhi imetulia, pengine miti iliyopandwa tangu hapo imeishika. Nikajiambia pia: ukisema, barabara itachelewa, na atakayebebwa kwa machela masika yajayo ni nani? Nilikaa mpaka kalamu ilipogusa karatasi. Ndipo nikasimama.

Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Mzee anataka barabara ipitie chumbani kwake!" Wakacheka. Nikangoja wamalize.

Nikayasema yote. Kigingi, soga, salamu ambayo haikuwa salamu, na uongo wa pili mbele ya mtu aliyelala kitandani. Nilisema mpimaji hakuwa na kosa. Hakuna aliyecheka tena. Kwetu ardhi inafuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayeisemea. Neno la mjomba halihojiwi, na leo walisikia mjomba akijihoji mwenyewe.

Salome hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. "Mjomba," akasema, "miaka yote hii? Mtoto wa Tekla amefia kwenye mwamba wa kuzungukia bonde, na wewe unajua habari za bonde, hujawahi hata kusema tutengeneze hiyo njia ya kuzunguka?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, mwanangu. Nakuandikia kama lilivyo. Nilidhani dhambi yangu ni ya zamani, kumbe ilikuwa inazaa kila masika. Mkubwa ni jalala, husema wahenga, hutupiwa kila taka akanyamaza. Lakini hii haikuwa taka. Ilikuwa haki yake.

Dada mtaalamu akaweka kalamu chini. Akasema hawatapiga mstari leo. Watarudi mvua ikiwa bado inanyesha, waje na watu wanaojua udongo, na watapita na wanawake wenye mizigo, si na mimi. Hakuficha: kama bonde linatembea, barabara itazunguka, itakuwa ndefu, na huenda ikasubiri zamu nyuma ya vijiji vingine. Ila njia ya mwamba ataiombea itengenezwe kwanza, machela yapite salama. Salome akachukua tenga lake tupu pembeni ya mlango, akatoka mvuani.

Ni hayo. Sasa nasaha, kama mtu aliyekosa anaruhusiwa kutoa nasaha; nimelifikiri hilo, na sina hakika.

Mwanangu, ukiikuta njia ya wazee imepinda, usiinyooshe kabla hujaipita na mzigo wao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usiifuate kama kipofu pia, maana huenda kweli ni mazoea. Uliza, tena umuulize anayebeba, si anayepita mikono mitupu. Ukipewa neno la mtu ulipeleke, lifikishe kama lilivyo, hata kama linakuaibisha. Na ukikosea, sema mapema. Aibu ya siku moja nilidhani ni kubwa, nikaikimbia, ikanilea mpaka nikazeeka nayo. Barabara inayopangwa leo utaipita wewe, na mwanao, na mtu asiyejua jina langu. Usimwachie kigingi cha uongo.

Mola akujalie nyayo zinazosikia, na ulimi unaofika salama na mzigo wake. Akujalie ardhi inayokaa mahali pake.

Naongeza haya baada ya chakula. Salome amerudi jua likizama, kanga imeganda mwilini, matope mpaka magotini. Kichwani ana tenga, na tenga limejaa viazi. Alipitia shambani akalijaza, kisha akashuka nalo bondeni peke yake, mvua ikinyesha, akapita pale katikati taratibu, akarudi, akapita tena. Nilitaka kumgombeza nikakosa pa kuanzia.

Akatua tenga mlangoni. Akaosha miguu. Akasema, "Panatembea, mjomba," kisha akaenda jikoni.

Tulikula viazi vile vile, vya kuchemsha, na njegere. Vilikuwa na udongo kidogo. Hakuna aliyelalamika.