Mama Macho na mtihani ambao hakuna mtoto anayetaka kufeli

Saa mbili asubuhi. Darasa la nne limepanga foleni kwenye baraza la shule, na Mama Macho, aliyekuja kuwapima macho, ameshagundua kwamba anaibiwa mchana kweupe.

Ukutani amebandika karatasi ya herufi E, kubwa juu, ndogo chini, kila moja ikitazama upande wake. Kazi ya mtoto ni kuonyesha upande huo kwa kidole. Leo wote wanapata, hadi mstari wa mwisho! Huko nyuma midomo inachezacheza: "Kulia, juu, kushoto, chini..."

"Wamekariri hawa," anasema huku akicheka. "Ukimwambia mtoto kipimo, yeye anasikia mtihani."

Anaigeuza karatasi juu chini. Anayefuata ni binti wa miaka kumi, anayeongoza darasa. Anajibu harakaharaka, kwa kujiamini. Yote kakosa.

Machozi yanamlengalenga. "Mama Macho, usimwambie mama. Dada yangu alikuwa haoni ubaoni, wakasema kichwa chake kizito, akaachishwa shule. Mimi namsikiliza tu mwalimu, nashika."

Mama Macho hana haraka. Kwa miaka mingi alisugua sakafu za kliniki ya macho, hadi daktari alipoona anavyowatuliza watoto, akampeleka kusomea upimaji wa macho. "Cheti nimekitundika sebuleni," anasema. "Mgeni asipokiona, namwonyesha."

Anaagiza mama wa binti aitwe. Ni fundi cherehani, anafika na futi bado shingoni. "Huyu haoni? Acha utani, dada! Huyu ndiye kichwa cha nyumba yangu."

Mama Macho habishani. Anamvisha binti fremu ya kupimia, anabadilisha lenzi moja baada ya nyingine, kisha anamwomba mama akasimame kule getini. Uwanja mzima uko kati yao.

Binti anatazama. Halafu anapaza sauti: "Mama, mbona unalia?"

Barazani watoto wanapiga makofi. Mama anarudi akijifuta uso kwa kiganja. "Na dada yake tuliyemwachisha shule," anauliza, "nimlete lini?"

"Leo hii."

Walipokuwa wakimsubiri mama, Mama Macho alishazungumza na mwalimu mkuu; nafasi ipo. Akipata miwani, dada huyo atarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake wote.

"Watamcheka, najua," anasema Mama Macho. "Wacheke tu. Siku ya kwanza nitakaa naye dawati moja, tuone nani ataanza."